Unafuata mzigo Guangzhou kwa mara ya kwanza? Namna ya kula kwenye vibanda vya tambi na wali bila kubahatisha

Kila ikikaribia Aprili na Oktoba, miezi ya Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya mji wa Guangzhou, kusini mwa China, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Kaka, kule tunakula nini?" "Wali upo?" "Nitajuaje kama si kitimoto?" "Nibebe unga?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja, mtu asome kwenye ndege.

Unga usibebe. Safari yangu ya kwanza nilishinda siku tatu kwa biskuti, ndizi na soda, kumbe mlango wa pili kutoka hotelini kwangu kulikuwa na Mwislamu anavuta tambi kutwa nzima, na neno "halali" limeandikwa kwa Kiarabu juu ya kichwa chake. Nilikuwa napita pale asubuhi na jioni nimeinamisha kichwa kwenye simu. Siku ya nne njaa ilinisukuma ndani, na tangu hapo sijalala njaa Guangzhou.

Ninaowazungumzia hapa ni wauzaji wadogo: meza sita au nane, viti vya plastiki, picha za vyakula ukutani, mpishi unamwona. Migahawa ya meza za kuzunguka utapelekwa na wakala wako au na mwenye kiwanda, na huko yeye ndiye ataagiza na kulipa. Migahawa ya Kiafrika pia ipo maeneo ya Xiaobei, ugali utaupata, ila bei yake ni ya kumpikia mtu aliye mbali na kwao. Ukila huko mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, umekula faida ya katoni kadhaa.

Uwe na nini kabla ya kutoka hotelini

Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, zilizounganishwa na kadi yako ya Visa au Mastercard. Fanya hivi ukiwa bado nyumbani. Utaombwa picha ya pasipoti, na benki yako itatuma namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Ukisubiri mpaka ufike huko, laini yako ya nyumbani ikiwa haijawashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, ile namba haitakufikia. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayana makato, na bakuli la tambi haliwezi kufika huko.

Noti ndogo ndogo: za 1, 5, 10 na 20. Fedha taslimu bado ni halali China, ila muuzaji anayepokea kila kitu kwa simu hana chenji. Ukimpa noti ya 100 kwa bakuli la 15, atazunguka kwa majirani zake watatu kutafuta chenji huku foleni inakutazama wewe.

Programu ya kutafsiri yenye Kichina kilichopakuliwa kabisa kwenye simu. Huduma za Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kule bila VPN, kwa hiyo usitegemee kupakua chochote ukishasimama mbele ya muuzaji.

Pakiti ya tishu. Vibanda vingi havitoi, au vinauza. Na kama huwezi kabisa kutumia vijiti, chukua uma wako mwenyewe, hakuna atakayekucheka. Mimi nilitembea na uma mfukoni miaka miwili.

Herufi za kukariri

Piga picha ya skrini sehemu hii. Si lazima ujue Kichina. Ni michoro kumi na mitatu tu, na ukishaizoea utaiona kila ukuta wa mji.

清真 (chingjen): chakula cha Kiislamu, halali
牛 (nyu): ng'ombe
羊 (yang): kondoo au mbuzi
鸡 (ji): kuku
鱼 (yu): samaki
蛋 (dan): yai
猪 (ju): nguruwe
肉 (rou): nyama
饭 (fan): wali
面 (myen): tambi za ngano
粉 (fen): tambi za mchele
辣 (la): pilipili

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwanza, neno 肉 likisimama peke yake, bila mnyama mbele yake, kwa Mchina wa kawaida maana yake ni nguruwe. Ukiona "rou" bila "nyu" wala "yang", hiyo ni kitimoto mpaka ithibitike vinginevyo. Pili, kwa sikio letu "jirou" ya kuku na "jurou" ya nguruwe zinapishana kwa irabu moja tu, na mpishi aliye katikati ya moto na feni hasikii irabu. Usimwambie kwa mdomo. Mwonyeshe herufi kwenye simu, kisha umwonyeshe kidole cha hapana.

Hatua kwa hatua

1. Anzia kwenye tambi za Lanzhou, uwe Mwislamu usiwe.

Tafuta ubao wenye herufi 兰州拉面 au 兰州牛肉面, mara nyingi wa kijani au buluu, pembeni pana 清真 na maandishi ya Kiarabu. Jina ni la mji wa Lanzhou, jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi ya China, ingawa ukimuuliza mwenye duka huku kusini, mara nyingi atakwambia ametoka Hualong, wilaya ya jimbo la Qinghai. Ni Wahui, Waislamu wa Kichina. Baba anavuta tambi akiwa na kofia, mama anapokea pesa akiwa na hijabu, mtoto anafanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni.

Nakuambia uanzie hapa kwa sababu tatu. Vipo karibu kila mtaa, kwa hiyo ukijua kimoja umevijua vyote. Ukutani kuna picha kubwa zenye bei. Na menyu haibadiliki sana kutoka duka moja hadi jingine, tofauti na wapishi wengine ambao kila mmoja ana mambo yake.

Tahadhari: kuna wachache wanaoandika Lanzhou bila 清真. Jina la mji si cheti. Kama uhalali ni muhimu kwako, tafuta zile herufi mbili, na ukiona bia juu ya meza za wateja, toka. Duka la Kiislamu lenye msimamo halinywewi pombe ndani. Na wewe usiingie na kopo lako la bia wala mfuko wa chakula ulichonunua kwingine.

2. Fika kabla ya msongamano.

Wachina wanakula mapema na kwa saa. Mchana ni kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu. Ukienda saa tano kamili, mwenye duka ana nafasi ya kukutazama usoni na kusoma simu yako. Ukienda saa sita na robo, umesimama katikati ya wafanyakazi wa ofisi ambao wameshalipa kabla hawajaketi.

3. Ita kwa heshima, kaa, halafu onyesha.

Mwenye duka mwite "laoban", yaani bosi. Hata kama ni kibanda cha meza tatu, yeye ni bosi. Wao watakuita "pengyou", rafiki, kama wauzaji wa vinyago wanavyowaita watalii kwetu, na sasa utajua inavyojisikia.

Usionyeshe picha tu ukanyamaza. Picha ya bakuli la nyama haina tofauti kati ya tambi za supu na za kukaanga, na rangi zimeshapauka. Soma herufi ya mwisho ya jina la chakula kwanza: ikiishia 面 ni tambi za ngano, 粉 ni za mchele, 饭 ni wali. Kisha tafuta mnyama. Ukishapata hizo mbili, umeagiza kama mwenyeji.

Kwa mara ya kwanza chagua 牛肉拉面, tambi za kuvutwa zenye supu ya ng'ombe. Kwa kawaida ni kati ya yuan 12 na 20. Ukiwa umechoka na supu, chagua 炒面 (chao myen), za kukaanga na nyanya, kitunguu na pilipili hoho. Ladha yake haiko mbali na tambi za chumvi za nyumbani. Na kama roho yako inataka wali tu, tafuta 盖浇饭 au 盖饭 (gai fan): sahani ya wali mweupe uliomwagiwa mboga au nyama juu. Wa nyanya na mayai (番茄炒蛋) ndio rafiki wa kila Mwafrika aliyewahi kufika kule, rahisi, laini, hauna pilipili. Wa ng'ombe na pilipili hoho (青椒牛肉) unafuata.

4. Sema unataka tambi nene au nyembamba.

Mpishi anakunja donge na kuvuta, anakunja na kuvuta. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili. Ukihesabu mikunjo minane kutoka uzi mmoja, umefika 256. Simama umtazame walau mara moja. Donge linapiga meza, paa, unga unaruka, na kabla hujafumba mdomo tambi ziko kwenye maji yanayochemka.

"Si" ni nyembamba, "ar si" ni nene kiasi, "kuan" ni pana kama mkanda. Usiposema kitu utapewa nyembamba. Mimi nashauri "ar si", kwa sababu nyembamba sana zinalainika kabla mgeni hajamaliza kupigana na vijiti. Kuna na 刀削面 (dao shao myen), ambazo hazivutwi. Mpishi anakwangua donge kwa kisu na vipande vinarukia sufuriani. Hizo ni nzito, za mtu aliyebeba mabegi tangu alfajiri.

5. Malizana na suala la pilipili kabla chakula hakijapikwa.

"Bu yao la" maana yake sitaki pilipili. Kwenye supu ya Lanzhou, pilipili ni mafuta mekundu yanayomwagwa juu mwishoni, kwa hiyo inazuilika kirahisi. Kwenye vyakula vya mikoa mingine, hasa Sichuan na Hunan, pilipili imo ndani ya mchuzi, na kuna ile mbegu ya "hua jiao" inayofanya ulimi ufe ganzi. Haiwashi kama pilipili kichaa yetu; inakufanya ujihisi umetoka kung'olewa jino. Mtu asiyeijua hudhani amelishwa sumu.

Wengine hujifunza kusema "shao la", pilipili kidogo. Ni sahihi, ila tamka hivyo kwenye duka la nyama za kuchoma utasikika kama unataja jina la nyama zenyewe, 烧腊, ambazo nazo ni "shao la" kwa sauti tofauti ya juu na chini. Kaa na "bu yao la", halafu ujiongezee mwenyewe. Juu ya meza kuna kikopo cha pilipili ya mafuta na chupa nyeusi. Ile nyeusi aghalabu ni siki, usiimimine ukidhani ni sosi ya soya. Siki kidogo kwenye supu ya ng'ombe ni tamu sana. Kikombe kizima ni adhabu.

6. Lipa.

Kuna aina tatu. Unalipa kwa mwenye duka kwa kuskani karatasi iliyobandikwa ukutani: unaandika kiasi mwenyewe, unamwonyesha skrini. Au yeye anaskani simu yako. Au kuna msimbo juu ya meza unaofungua menyu nzima ya Kichina, unaagiza na kulipa humo humo. Huo wa tatu ndio unaowatoa watu jasho. Ukifunguka, piga picha ya skrini uipitishe kwenye programu ya kutafsiri. Au inua mkono umwambie "laoban" na kuonyesha ukuta. Atakuagizia.

Bei ikitajwa kwa vidole, angalia vizuri. Wachina wanahesabu hadi kumi kwa mkono mmoja. Gumba na kidole kidogo vikinyooka ni 6. Gumba na kidole cha shahada ni 8. Kidole cha shahada kilichopinda kama ndoana ni 9. Asubuhi moja, kwenye foleni, mama mmoja muuzaji alininyooshea gumba na shahada, nikampa yuan 2. Akatikisa kichwa, akanyoosha tena. Nikadhani noti zangu zimechakaa, nikambadilishia nyingine mbili safi. Foleni nzima ikawa inanisubiri mpaka kijana mmoja nyuma yangu akaandika 8 kwenye simu yake na kuninyanyulia juu kama refa.

Bahashishi haipo. Ukiacha yuan 5 mezani, mama atakukimbilia barabarani akidhani umesahau.

7. Kula.

Bakuli linakuja la moto kweli. Ndani kuna vipande vyembamba vya figili nyeupe, giligilani, majani ya kitunguu saumu, na nyama iliyokatwa nyembamba kiasi cha kuonea huruma. Usimgombeze mtu, ndivyo ilivyo kila mahali. Ukitaka nyama zaidi sema "jia rou" (humu ndani ya duka la Kiislamu neno hilo ni salama), yai ni "jia dan", tambi za ziada ni "jia myen". Kila nyongeza ina bei yake ndogo.

Inua tambi chache kwa vijiti, weka kijiko chini, vuta kwa mdomo. Kuvuta kwa sauti si utovu wa adabu. Kilicho kosa ni kuchomeka vijiti wima kwenye wali na kuviacha vimesimama: vinafanana na ubani unaochomwa kwa ajili ya wafu. Vilaze juu ya bakuli.

Maji utakayopewa ni ya moto au chai isiyo na sukari, na kwa kawaida hulipii. Maji ya bomba usinywe.

8. Ukishazoea, panda ngazi.

Siku mbili tatu za Lanzhou zinatosha kukupa ujasiri. Baada ya hapo njia zinagawanyika kulingana na dini na tumbo lako.

Kwa Mwislamu, ngazi inayofuata ni migahawa ya watu wa Xinjiang, mkoa wa kaskazini-magharibi ya China. Agiza 抓饭, ambao Wauighuri, Waislamu wa huko, wanauita polo. Mtu wa Pwani hahitaji mkalimani hapo: ni pilau kwa jina na kwa undugu, yenye kondoo na karoti nyingi, ila bizari zetu hazimo na mafuta yako mbele zaidi. Wana na samsa, kikeki cha unga chenye nyama kilichookwa kwenye tanuri. Sikiliza jina vizuri utamsikia binamu yake sambusa. Ijumaa nenda kuswali Msikiti wa Xianxian, kwenye eneo la kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Ukitoka unakutana na wauzaji wa mishikaki na mikate, na utasikia Kiswahili kabla hujavaa viatu.

Kwa asiyebanwa na nguruwe, Guangzhou ni mji wa kula. Maduka ya 烧腊 yana kioo mbele na bata, bata bukini na nyama nyekundu zikining'inia kwenye ndoana. Unachagua, anakata kwa panga juu ya gogo, anapanga juu ya wali, anamwaga mchuzi. Ile nyekundu inayong'aa, 叉烧, ni nguruwe. Kuku mweupe, 白切鸡, anatolewa jikoni kabla hajaiva sana na unaweza kuona uwekundu karibu na mfupa. Wenyeji wanaupenda hivyo, mimi namwachia mwenyewe. Mwislamu asidanganyike kuagiza kuku hapo: panga ni moja, gogo ni moja.

Halafu kuna 煲仔饭, wali wa chungu. Huu naomba niuzungumzie kidogo. Kila mteja anapikiwa chungu chake juu ya moto, nyama inawekwa juu wali ukikaribia kuiva, mvuke wake unashuka ndani. Utasubiri, dakika kumi na tano au zaidi, kwa hiyo usiende ukiwa na haraka ya kuwahi gari la mizigo. Unakuja unatoa mlio, unamwagia sosi ya soya, unachanganya, na chini kabisa kuna ukoko. Ule ukoko tuliokuwa tunagombania utotoni mpaka tunachapwa, wenzetu wanaulipia. Usiondoke ukauacha, kwangua. Ila soseji nyembamba zinazowekwa juu yake, 腊肠, kwa kawaida ni za nguruwe. Sema unataka wa 牛 au 鸡, ukijua kwamba jiko hilo si la halali.

Asubuhi, kabla ya soko, tafuta 肠粉 (chang fen). Uji wa mchele unamwagwa kwenye trei bapa, yai linapasuliwa juu, trei inasukumwa kwenye mvuke kama droo ya kabati, inatoka, inakwanguliwa na kukunjwa, sosi tamu juu. Dakika mbili, na umekula.

Wanaonunua nguo soko la Shahe wajue jambo moja: tambi pana za mchele zinazoitwa "he fen" zimepata jina lao hapo hapo Shahe. Soko lenyewe linaamka alfajiri, kwa hiyo ukimaliza kukagua mzigo, njaa imekuuma vya kutosha. Agiza 干炒牛河, hizo tambi zilizokaangwa na nyama ya ng'ombe na chipukizi za maharage. Jina ni ng'ombe, lakini wapishi wengine hutumia mafuta ya nguruwe (猪油), kwa hiyo Mwislamu azitafute kwenye duka lenye 清真 tu.

9. Ukitaka kubeba, sema "dabao".

Kontena la plastiki linaweza kuongezwa bei, yuan 1 au 2. Kwa tambi za supu omba supu na tambi vitengwe. Ukifika hotelini zimeshakunywa supu yote na kuwa donge.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kusoma bei bila kusoma kipimo. Maduka ya 麻辣烫 yanakuacha ujichagulie mboga, tambi na vipande vya nyama kwenye bakuli, kisha wanapima kwenye mizani. Bei ya ukutani inaweza kuwa kwa "jin", ambayo ni nusu kilo, au kwa gramu 50. Dada mmoja niliyekuwa naye alijaza bakuli kama sinia la harusi akiamini bei ile ni ya sahani.

Kuliamini neno "nyu" peke yake. Supu ya tambi za ng'ombe nje ya maduka ya Kiislamu inaweza kuwa imechemshwa na mifupa ya nguruwe. Tambi za 云吞, vile vimaandazi vinavyoelea, ndani huwa na nguruwe na kamba.

Kunywa maji ya kusuuzia. Kwenye baadhi ya migahawa ya Kikantoni, yaani ya wenyeji wa Guangzhou, unawekewa vyombo vilivyofungwa kwa plastiki, birika la chai na bakuli kubwa tupu. Chai ya kwanza ni ya kusuuzia vyombo, inamwagwa kwenye lile bakuli kubwa. Isinywewe. Na vyombo hivyo na chai mara nyingi vina malipo madogo kwa kila kichwa, usidhani umeibiwa.

Mwenye mzio wa karanga asichukulie mchezo. Mafuta ya karanga ni ya kawaida sana jikoni Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, na tambi kavu za vibanda vya 沙县小吃 huchanganywa na sosi ya karanga. Andika kwenye simu: 我对花生过敏, "nina mzio wa karanga", na uonyeshe kabla ya kuagiza.

Mambo yakikwama

*Malipo yamekataa.* Zima VPN, jaribu tena. Bado? Toa noti. Huna noti? Jaribu ile programu nyingine, ndiyo maana nilitaka uwe na Alipay na WeChat zote mbili.

*Kimeletwa kisicho chako.* Kabla hujagusa, linganisha herufi kwenye risiti na za ukutani. Kama ni kosa lao watabadilisha bila ugomvi. Ukishaonja, ni chako.

*Pilipili imezidi.* Maji hayasaidii. Agiza wali mweupe, "mi fan", yuan chache tu, ule kidogo kidogo katikati ya tonge na tonge. Maziwa ya soya pia yanapooza.

*Hakuna kijiko wala uma.* "Shaozi" ni kijiko. Karibu kila jiko linacho, kipo tu ndani ya ndoo ya vyombo.

*Tumbo limevurugika.* Mara nyingi ni mafuta na pilipili. Kaa siku moja na 白粥 (bai jou), uji mweupe wa mchele usio na kitu, na maji yaliyochemshwa. Ukiona damu, homa, au hukai na maji tumboni, mpigie wakala wako akupeleke hospitali, usijitibu kwa dawa za rafiki.

*Vibanda vyote vimefungwa.* Umekuja Mwaka Mpya wa Kichina. Wenye vibanda wengi si wa Guangzhou, wamerudi mikoani kwao na watakaa huko wiki nzima au mbili, na viwanda navyo vimelala. Hapo kimbilia maduka ya saa 24, yana mayai ya kuchemsha, maandazi ya mvuke na tambi za kikopo, maji ya moto yapo pembeni ya kaunta. Mwakani panga tiketi yako kwa kalenda yao.